Herufi Tatu

Nimetumwa na kopo la rangi nyekundu
na brashi ya inchi mbili
nikaandike X kwenye nyumba ya Vora.
Barabara inapanuliwa. Fomu ninayo kwapani.

Asubuhi hii Mlima umejifunua wote,
kama mtu aliyekuja kusikiliza mirathi
naye hana fungu.

Juu ukutani, kwa plasta:
PREMCHAND VORA NA WANAWE, 1929.
Chini yake tausi wawili wa saruji,
mmoja hana kichwa.
Bati lililopanda kwa reli kutoka Tanga.
Vioo vya kijani na vya rangi ya chai,
vitatu vimezibwa kwa boksi la sabuni.
Nguzo za mvule zingali zinabeba,
na ngazi, kidato chake cha chini
kimelika katikati kama kinu.

Mtaa mzima unajua: nyumba hii alijenga Vora.
Shuleni tuliambiwa hivyo.
Mwenye duka la betri anasema hivyo.
Fomu nayo imeacha mstari mmoja tu:
Jina la aliyejenga.

Lakini mimi ni mjukuu wa Ngilisho wa Uru,
aliyeyatoa mawe haya mto Rau
akayagonga, jiwe kwa jiwe,
hadi yakakubali kukaa pamoja.
Akirudi kihambani Jumamosi, alisimulia bibi,
vumbi lilikuwa limemwingia mpaka kwenye mate,
kata ya kwanza ya mbege ilibaki na ukungu wa kijivu mdomoni.
Alilipwa shilingi kadhaa, gunia la sukari,
na baiskeli isiyo na kengele.
Tangu mlango wa mbele ulipotiwa bawaba
hakuupita tena.

Bi Hansa amefungua kabla sijabisha.
Ndiye wa mwisho. Wenzake wako Toronto,
hutuma kadi zenye theluji.
Ghorofa ya juu serikali iliichukua mwaka sabini na moja,
ikaja kuirudisha na popo wake.
Ametazama kopo, kisha mimi.
"Chai kwanza. Rangi haitakauka humo ndani."

Ananipitisha uani. Kwenye kona ya msingi
kichaka cha isale, kimeshapita dirisha.
"Baba alikataza tusiukate mti huu.
Alikatazwa na baba yake.
Naye, nadhani, alikatazwa na fundi."
Anacheka. "Sisi tunaumwagilia tu."

Kwetu hupandi isale mahali usipo na neno.
Mpaka ni isale. Ukimkosea mtu,
unakwenda kwake na jani la isale mkononi.
Babu alikuwa akiomba radhi kwa nani,
au akiweka mpaka wa nini,
hakumwachia mtu.

Nikakaa kwenye kidato kilicholika, fomu gotini.
Vora alijengesha.
Hilo ndilo neno lake, wala si tusi.
Herufi tatu tu, e, s, h,
na mtu akapotelea humo
miaka tisini na kitu.

Nikaandika mstarini: Ngilisho.
Nafasi ikaisha. Vora nikamwandika pembeni,
wima, kama mtu anayepanda ngazi,
na neno lake lote, sikulipunguza.

Bi Hansa akavaa miwani, akasoma.
Alikaa kimya mpaka birika likaanza kulia.
Akauliza kama Ngilisho ina s moja au mbili.
"Moja."
Akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Kisha nikatoka, nikabandua kifuniko
kwa ufunguo wa ofisi,
nikapiga X, kubwa kama ilivyoagizwa.
Jiwe la babu likainywa rangi.
Ilibidi nirudie mara ya pili.