Sura Moja, Watu Mia

Dabi ninayotamka, siyo ile ya kandanda,
Ni Uingereza, kaka, treni huko huziunda,
Kazi yangu, mkitaka, sinema, kwenye kibanda,
Wiki hii zimetanda, filamu za bwana Kobi.

Nevili Kobi mzawa, baba akiuza nyama,
Shuleni akapangiwa, miguu ya punda, nyuma,
Teke lake likatuwa, padri goti likauma,
Ukumbi ukasimama: ndiye huyu, ndiye Kobi.

Akawa jambazi sugu, chongo, jino la dhahabu,
Mwakani, jamani ndugu, ni padri, ana kitabu,
Mara mlevi, vurugu, mara jaji wa ghadhabu,
Mara amekuwa babu, kesho ukimwona, bibi!

Sura yake siyo tunu, unga usioumuka,
Pua yake kama kinu, masikio yatoroka,
Kazi kwenu, macho yenu, kofia akijivika,
Mtu mwingine azuka, hamumwoni tena Kobi.

Katuni ya bata dume, aliyelia ni yeye,
Na ile ya mfalume, mpishi mwizi ni yeye,
Na ya pacha wanaume, wote wawili ni yeye,
Alozabwa kofi yeye, aliyemzaba, Kobi.

Kuna moja ya mapenzi, hapo kweli kachemsha,
Alibusu kwa ajizi, kama alamba bahasha,
Mwenzi wake, kwa ujuzi, kikohozi kaanzisha,
Hiyo hatutaonyesha, tunakusitiri, Kobi.

Nimpendaye, kwa haki, ni maiti wa jikoni,
Nusu saa hashituki, amelala sakafuni,
Polisi wana mikiki, wamruka kama kuni,
Kufa nako kuna fani, mwenye shahada ni Kobi.

Ila radhi mniwie, jicho moja lapepesa,
Mara saba nirudie, naliona, sijakosa,
Siri nijihifadhie, kifuani kama pesa,
Mfu kukonyeza sasa, si dhambi? Ni dhambi, Kobi!

Jumanne, mvua tele, kaja mzee, kalowa,
Ana sweta la kikale, mfuko wenye maziwa,
“Bei ya wazee ile, mwana, bado yatolewa?”
Chenji yake akapewa, mzee wa hapa Dabi.

Nikamwambia, “E babu, mtazame mfu wetu,
Jicho lake lina tabu, lakonyeza kama mtu.”
Akasita, bila jibu, akafuta miwani tu,
“Si mimi, ni nzi wa watu, siku ile. Mimi Kobi.”

Bisi zikanimwaika, sakafu kama theluji,
Mimi niliyemsaka, chini ya nguo na taji,
Sweta limenifunika, nikadhani mpitaji,
Ndiye bingwa mwigizaji, hata mzee wa Dabi!

Akakaa safu tisa, miguu kainyoosha,
Robo saa, au kasa, koromo lanichekesha,
Mfu yuko kimya hasa, pumzi kaikatisha,
Na huku atutingisha, ukumbi mzima, Kobi.

Alipotoka, tiketi, akaitia saini,
Kaandika tu, “Maiti, yule wako wa jikoni.”
Nimeigandisha kati, ya bei za kibandani,
Na meneja, masikini, hajui kama ni Kobi.

Sasa mteja akija, pua yake nachunguza,
Tarishi akiningoja, mara mbili nauliza,
Juzi polisi mmoja, nilimwambia, “Waweza!”
Faini kanicharaza, kumbe wala siye Kobi.

Wapo wa sura ya nuru, hiyo hiyo maishani,
Yeye kawa mtu huru, wa kuhamia ngozini,
Nami nalipa ushuru: bisi bure, mkononi,
Njoo ukorome ndani, kiti ni chako, we Kobi.