Kielelezo Namba Tatu

Waliniita mahakamani na vumbi la kokoto bado liko kwenye nyusi.
Mwendesha mashtaka akaliinua ndani ya mfuko wa nailoni:
"Mama Subilaga, jiwe hili unalijua?"

Nalijua.
Nani asiyejua mshono wa mkono wake?
Ubapa upande mmoja, pale nyundo ilipoingia,
na mshipa mweupe, kama mawe yote ya korongo letu
chini ya Loleza.

Ipyana alikuja asubuhi, ukungu haujapanda.
Hakuiba. Alisema, "Mama, tukopeshe debe moja,
leo tunakwenda kudai kura zetu."
Nami nilikuwa na hasira yangu, ya miaka:
kibanda changu cha Mwanjelwa kilisagwa na greda
risiti ya ushuru ningali nimeishika mkononi.
Nikamwambia, chota.
Tena nikamchagulia, nasema kweli,
yale yanayokaa vizuri kiganjani.

Hayo sikuyasema kizimbani.

Benchi la mbele alikaa askari, jicho limezibwa kwa pamba,
Andendekisye, kijana wa Rungwe, miaka ishirini na miwili.
Baba yake alimshika kiwiko
kama anayemvusha mto.
Amri hakuitoa yeye.
Greda hakuliendesha yeye.
Lakini lile bomu la machozi lililotua chumbani kwa Atuganile,
kichanga kikatapika povu hadi alfajiri,
lilirushwa na mkono wa nani?
Nikatazama mezani: fulana, simu iliyopasuka, jiwe.
Kopo la bomu halikuwepo.
Halikupewa namba.

Nilitaka kusema: mheshimiwa, pima vyote.
Nilitaka kusema: jicho ni jicho, halina chama.
Kauli mbili zikagombea koo moja,
hakuna iliyopita.
"Mawe yanafanana," nikasema.

Ipyana akanitazama.
Askari naye, kwa lile lililobaki.
Yupi nilimwokoa, yupi nilimwibia,
sijui, na usiku nahesabu upya.

Tangu siku ile naongeza mapigo.
Naponda hadi kisibaki kipande cha kujaa ngumi.
Mafundi wanarudisha ndoo, wamenuna:
"Mama, hii si kokoto ya zege, huu mchanga."
Nawapunguzia bei.
Navuta jiwe lingine.