Lori Jekundu

Wameweka lori.
Lori jekundu, taa moja imekufa, linachomoza kwenye ukungu
pale kona ya Penrhys, na ukumbi mzima
unavuta pumzi kwa pamoja.
Mama mmoja nyuma yangu anasema, "Mungu wangu."
Bisi zinamwagika.

Hapakuwa na lori.
Palikuwa na mimi, Gethin, miaka kumi na tisa,
leseni ya udereva haijatimiza wiki sita,
chipsi za moto mapajani, siki inanichoma puani,
nalamba kidole badala ya kutazama barabara.
Palikuwa na ukuta wa mawe
uliosimama miaka mia bila kumgusa mtu.

Kwenye skrini kaka yangu ni mrefu zaidi.
Wamempa mwigizaji mwenye meno yaliyopangika;
pua yake haijawahi kuvunjwa na mtu,
wameibandika nundu.
Anaitwa Idwal na anaitika.
Analazwa hospitalini, daktari anamwambia
pingili mbili za shingo zimepasuka,
ulingo usahau, ushukuru ukiweza kubeba kikombe.

Hilo kweli. Daktari alisema hivyo hivyo,
ila alikuwa na mafua, akapenga kamasi katikati ya sentensi,
na hapakuwa na fidla.

Miezi kumi na minne wameipitisha kwa dakika nne:
ngazi, jasho, kamba ya kuruka, theluji.
Kwetu Tonypandy mwaka ule theluji haikuanguka,
ilikuwa mvua, na mvua, na mvua iliyofuata.
Soksi hawakuionyesha.
Soksi moja ya kijivu, asubuhi nzima,
mimi mlangoni nimekatazwa kusaidia,
yeye anaitukana kwa Kiwelisi, lugha ambayo nyumbani kwetu
ilikuwa imebakia kwa matusi na maziko.
Saa tano na nusu ikapita kisigino.
Hakuna aliyepiga kengele.

Wala hawakuonyesha nani alimshikia pedi.
Kocha alikuwapo, na binamu zetu wawili wenye mikono kama majembe.
Akasema, "Gethin atashika."
Konde la kwanza lilikuwa dogo,
kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.
Nikalia.
"Usililie pedi," akasema, "ngozi inaharibika. Inua mkono."

Basi usiku huu, Cardiff, safu ya saba,
yuko kushoto kwangu na suti ya kuazima.
Shingo yake ina bamba la chuma, haigeuki;
akitaka kukutazama, anageuka mwili wote
kama kabati linalohamishwa.
Nikamnong'oneza: hili lori limetoka wapi?
Kabati likahama polepole.
"Waliniuliza ajali ilikuwaje.
Nikawaambia sijui, nilikuwa nimelala."

Hakuwa amelala.
Alikuwa amenyosha mkono, ananiomba chipsi.

Filamu inakwenda mbio sasa.
Raundi ya tisa, Newcastle, damu tamu kama jamu,
yule mwana wa mwokaji mikate anaanguka chali,
watu humu ndani wanasimama, wengine na makoti mkononi.
Ukweli ulikuwa sare.
Raundi kumi, waamuzi watatu, sare,
na refa hakujua amwinue nani mkono, akainua yote miwili.
Mama alisema sare ile ni muujiza mtupu.
Lakini nani atalipa kiingilio aone sare?

Kuna Gethin pia, kule kwenye skrini.
Kijana mzuri, amenyolewa vizuri, anashika taulo,
hana gari, hana leseni.
Namtazama kama mtu anavyotazama nyumba
ambayo angeweza kuinunua zamani, bei ikiwa chini.

Majina yanaanza kupanda. Taa bado.
Kushoto kwangu, gizani,
kiganja kinafunguka, kinangoja, hakina neno.
Natia mkono ndani ya mfuko wa bisi,
nampa,
macho nimeyakaza mbele.