Ratili ya Mwatate

Nizwa, Ijumaa, alasiri, feni inalalama.
Namkanda Bi Thuwaiba nyayo kwa mafuta ya ufuta,
naye, kwa Kiswahili chake cha kale:
"Taita ya wapi, Wakesho?"
Nikamtajia Mwatate.
Mguu ukatulia mkononi mwangu.

"Baba alikuwa na duka hapo.
Siku ya mvua akaingia Mtaita mmoja,
pekupeku, Biblia kwapani,
akaweka mezani kufuli na shilingi tatu.
'Bwana Nasor, hili nilikuibia mwaka wa nzige.
Yesu haniachi nilale.'

Baba alicheka hadi kilemba kikamlegea.
Usiku hakucheka.
Asubuhi akaondoa ratili moja mizanini,
ile iliyokwanguliwa chini.
Hakuitupa. Tulivuka nayo.
Ndiyo hiyo, inazuia mlango."

Sikumtajia jina la babu:
Yeremia Mwakitau, aliyelia sokoni kama mfiwa,
aliyeimba saa nane za usiku
majirani wakamvurumishia mawe,
aliyetubu mbele ya kanisa zima
hata yale yaliyokuwa siri za bibi,
na bibi akaenda kaburini hajamsamehe hilo.

Chumbani kwangu, ndani ya soksi,
kuna zafarani ya jikoni humu,
kidogo tu, ya harusi ya mdogo wangu.

Upepo ukasukuma mlango.
Ratili ikakwaruza sakafu, ikashika.

"Mbona umenyamaza?"
"Mafuta yamekwisha, Bibi."
Hayakuwa yamekwisha.
Nikaushika mguu wa pili.
Babu, nipe hata wiki moja.