Maji ya Rangi ya Kutu

Tulipokuwa wadogo kijito chetu kilikuwa cha rangi ya machungwa,
nasi tukakichora hivyo hivyo shuleni.
Mwalimu mgeni akauliza mbona hatukutumia kalamu ya buluu.
Darasa zima likamshangaa.

Huo ndio urithi wa mgodi namba nne.
Makaa yaliondoka na treni, kampuni ikaondoka na faida,
shimo likabaki, latapika usiku na mchana
maji makali yanayokula misumari ya madaraja.

Wanda Hrinko, dereva mstaafu wa basi la shule,
ndiye aliyeanza, na vikaratasi vyake vya kupimia uchachu.
Kila Jumamosi huchovya, husubiri, huandika
katika daftari alimokuwa akiandika mahudhurio ya watoto watukutu.
"Nne," husema. "Saba ndiyo afya. Sisi bado nne."

Tukachimba mabwawa matatu chini ya mdomo wa shimo.
Malori yakamwaga mawe ya chokaa barabarani.
Fedha tulizipata kanisani, Ijumaa za Kwaresima,
kwa kuuza sahani za samaki wa kukaanga:
samaki wa dukani, wa barafu,
maana wetu walikufa kabla sijazaliwa.

Merle Kostka akatunyima njia.
"Mgodi ule ulimlisha baba yangu," alisema akiwa mlangoni,
"leo nyinyi mnauita sumu."
Hakuna aliyemjibu. Baba zetu nao walilishwa humo,
na humo humo wakaokota kikohozi.
Tukalizunguka shamba lake, mawe kwa ndoo, mawe kwa toroli,
nusu saa ya kupanda, magoti yakilia.

Jumamosi ya sita tulikuta lango limeachwa wazi,
mnyororo umetundikwa msumarini.
Mwenyewe hakuonekana.
Moshi tu, kwenye dohani.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya tunayazoa.
Lakini chokaa nayo huvaa kutu, ikishavaa hunyamaza,
kwa hiyo unashuka, buti hadi mapajani,
unaligeuza jiwe, unalisugua, unashika jingine,
na ukifika la mwisho, la kwanza limekwisha kuvaa.

Aprili ya mwaka wa tatu, Maren, mjukuu wa Wanda,
aliinua jiwe akapiga ukelele.
Tulidhani kakanyaga chupa.
Chini ya jiwe palikuwa na kidudu,
chembamba kuliko punje ya ngano,
miguu sita, mikia mitatu, kinaukimbia mwanga.
Watu wazima kumi na mmoja tukainama
mpaka vichwa vikagongana.

Wanda akafungua daftari. Akaandika: sita na nusu.
Akasita, akailamba ncha ya penseli,
akaongeza pembeni:
Mmoja. Yupo.