Karani wa Mizani

Miaka ishirini na saba nilipima mkonge wa watu
pale Hale, kwenye korona, kalamu sikioni.
Robota likipanda, nasoma; likishuka, naandika.
Mimi mwenyewe sikuwahi kupanda.
Siku waliponipa barua na mkono wa kwaheri
nilirudi nyumbani na saa ya ukutani, zawadi yao,
nami sina pa kwenda inapogonga saa moja.

Shemeji yangu Sempombe akasema: pumzika.
Nikakaa kibarazani siku arobaini, kama mfiwa.
Ya arobaini na moja nikanunua mtumbwi wa mvule
wa mkono wa tatu, kiraka cha bati ubavuni,
na kafi moja lililochongwa na mtu wa mashoto.
Mke wangu Mwanamvua hakuuliza.
Alifunga unga, chumvi, dagaa,
akafunga kiberiti ndani ya nailoni, mafundo mawili.
Fundo la pili ndilo lililokuwa swali.

Chini ya maporomoko nikasukuma.

Siku ya kwanza nilipigana.
Kafi kulia, chombo kushoto; kafi kushoto,
chombo kinazunguka kama pia.
Luvu, ndivyo Wazigua wanavyouita mto ule,
haukuona sababu ya kunijibu.
Jioni viganja vilitoa malengelenge.
Nikayahesabu, maana ndiyo kazi niliyoijua:
kumi na moja.

Siku ya pili nilihesabu makafi.
Elfu moja. Elfu tatu mia nne.
Kisha kiboko akatoa pumzi nyuma ya matete,
pumzi moja, nzito, kama mlango wa bohari,
na hesabu yote ikamwagika.
Sikuiokota.

Tangu hapo siku sizijui vizuri.
Kulikuwa na usiku chini ya mkuyu,
moto wa vijiti vibichi, ngawa akinusa sufuria.
Kulikuwa na mvua iliyopita ng'ambo bila kunihusu.
Mamba juu ya mchanga, mdomo wazi, akiota jua
bila haja ya kumthibitishia yeyote kuwa ni mamba.
Mdiria alijitupa majini, akakosa, akarudi tawini,
akajitupa, akakosa, akarudi.
Nilicheka kwa sauti, nikaigutukia:
ilikuwa ya marehemu baba.

Penye kivuko kimoja mwanamke aliyekuwa akiosha mihogo
alinipigia ukelele: "We nani?"
Nikafungua kinywa. Karani, nilitaka kusema,
wa mizani, wa Hale.
Mto ukanisogeza mbele ya jibu.
Akangoja, mhogo mkononi.
"Mhina," nikasema. Jina tu, halina hata shati.
"Haya Mhina, shika kulia. Kushoto kuna gogo."
Nikashika kulia.

Siku ya nne, au ya tano, nilichota maji ya kunywa
nikakuta chumvi.
Mikoko ilikuwa imesimama kwa miguu yake mingi,
na mto, mto uleule, ukasita, ukageuka,
ukaanza kupanda ulikotoka.
Nilipiga kafi nusu saa, mkoko mmoja ukinitazama.
Zamani ningeandika malalamiko, nakala tatu.
Nilifunga kamba kwenye mzizi, nikala ugali wa jana,
nikalala chomboni, magoti kifuani.
Maji kujaa yana saa yake, kupwa yana saa yake.
Ilikuwa saa ya kwanza kunifaa tangu barua ile.

Pangani nilifika asubuhi, ndevu zimeota, midomo imepasuka.
Sokoni kijana alikuwa akipima mbata
kwa mizani ya chuma, ya aina yangu;
hata kutu yake naijua ilipoanzia.
Nikamwomba. Akacheka, akasogeza gunia.
Nikapanda.
Mshale ukatetemeka, ukatulia: sitini na mbili.
Nimepungua tisa.
"Unaumwa, mzee?"
Sikumjibu upesi. Nilikuwa nikiwaza hizo tisa
zimekwama kwenye gogo lipi,
na kama Mwanamvua, akinifungulia mlango,
atalitaja lile fundo,
au atatazama viganja vyangu tu
na kubandika chai.