Ushahidi wa Mfua Jezi

Januari, kingo za mto Tisza zimeganda,
na chumba changu cha kufulia, chini ya ukumbi wa michezo,
ndicho pekee mjini Szeged chenye joto la bure.
Ndiyo maana wanakuja. Wasinidanganye.

Zsombor wa polo ya maji amekalia ndoo:
"Nitajieni mchezo mwingine
ambao ukisimama kupumzika, unazama.
Nusu ya vita iko chini, refa haioni.
Mtu anakuvuta bukta, anakutia goti la mbavu,
na huku juu uso wako uwe uso wa mtu anayesubiri basi."

Ottokár alicheka hadi pengo la meno mawili likaonekana.
"Wewe unaelea. Mimi nasimama juu ya kisu,
chembamba kuliko ulimi wa shemeji yangu,
juu ya barafu, nikienda kinyumenyume,
na kile kidude cheusi kinanijia
upesi kuliko neno *jihadhari*."

Boglárka hakuinua hata kichwa. Alikuwa akikwangua gundi vidoleni.
"Hatua tatu," alisema. "Sekunde tatu.
Humo uruke, uwahadae walinzi sita, umhadae kipa,
na uwe umekwisha kujua mwenzako wa pembeni atafika wapi
kabla yeye mwenyewe hajajua.
Nyie mna misuli. Mpira wa mikono ni hesabu."

Gergő wa raga, masikio kama kabichi iliyochemshwa:
"Wanane wanasukuma huku, wanane wanasukuma kule,
katikati iko shingo yangu."
Akarudi kumenya chungwa.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Mimi sijawahi kucheza chochote; nina ushahidi mwingine.
Bukta za polo huja zimefumuka nyongani.
Gundi ya Boglárka haisikii sabuni: naitoa kwa mafuta ya alizeti
na kwa maneno ya kwenda kuungama Jumapili.
Glavu za hoki zinanuka kama kitu kilichokufa kikakataa kuzikwa.
Raga ni tope, nyasi, damu, na safari moja, jino.
Nililitia kwenye bahasha. Hakuna aliyelidai.

Kama ugumu ungepimwa kwa uchafu
Gergő angeshinda mapema, sote tukalale.

Lakini iko jezi namba kumi na sita,
ya Kincső, kipa wa akiba kwa kina Boglárka.
Msimu wa pili huu hajaingia uwanjani.
Huirudisha imekunjwa mraba, mkono juu ya mkono,
haina gundi, haina vumbi la sakafu.
Mara ya kwanza nilitaka kuirejesha kabatini vivyo hivyo.
Nikainusa.
Kwapani ililowa, ikakauka, ikalowa tena;
chumvi imechora mistari myeupe,
nadhani mmoja kwa kila penalti
aliyoidaka mwingine.

Jioni ile naye alikuwepo, konani,
akizitafutia soksi wenzake wenza.
Zsombor akamchokoza: na wewe, bibie, unasemaje?

"Hii ya kijani ni ya nani?" aliuliza Kincső,
kaishika soksi juu, kwenye taa.

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wamerudi kwenye hatua tatu,
kisu, shingo, kuzama,
mpaka mashine ikaingia mzunguko wake wa mwisho,
ule wa kukamua,
ambao haumwachii mtu hoja.